Una kazi ya kudumu? Swali lililotangulia fizikia

Mwanzoni mwa 1975, Alain Aspect, Mfaransa wa miaka 27, alikwenda Geneva kumwona John Bell, mwanafizikia wa kituo cha CERN. Alimweleza jaribio alilokusudia kulifanya ili kupima wazo ambalo Bell alilichapisha mwaka 1964. Bell alitaka kwanza kujua jambo moja: kijana huyu ana kazi ya kudumu?

Walimu wa Fizi na Baraka, huku kwetu Kongo, hawahitaji kufafanuliwa swali hilo. Kwetu linaulizwa hivi: umeshamekanizwa? Ambaye jina lake limeingia kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa anaweza kupanga mwaka wake. Mwenzake asiyekuwemo anangoja prime, posho inayochangwa na wazazi. Aspect alikuwa na kazi ya kudumu, ya ualimu. Ndipo mazungumzo yakaendelea.

Bell hakuwa anatania. Miaka ile, kijana aliyetaka kuchimbua misingi ya nadharia ya kwanta alionekana anajiharibia maisha. Wakubwa wa fizikia walishaamua kwamba kesi ilifungwa Oktoba 1927, kwenye mkutano wa Solvay, Einstein na Niels Bohr, mtetezi wa nadharia hiyo, walipobishana mjini Brussels. Bohr alihesabiwa mshindi. Einstein alirudi na hoja nzito zaidi mwaka 1935, akiwa na wenzake Podolsky na Rosen, lakini wengi walikuwa wameshageukia mengine. Mmarekani John Clauser, aliyefanya jaribio la kwanza la wazo la Bell pamoja na Stuart Freedman huko Berkeley mwaka 1972, alitafuta uprofesa asiupate. Hata Bell mwenyewe CERN ilimlipa kwa kazi nyingine. Hii aliifanya pembeni.

Walibishania nini? Chukua bahasha mbili zilizofungwa Baraka, moja ipande boti ya Kigoma, nyingine ya Kalemie. Zikifunguliwa na kukutwa na maneno yaleyale, hakuna wa kushangaa: yaliandikwa kabla ya safari. Einstein aliamini chembe mbili zilizotoka pamoja nazo hubeba maandishi ya namna hiyo, ila nadharia haiyaoni. Bohr alikataa. Bell akaonyesha kwa hesabu kwamba ubishi huo unapimika: kama maandishi yapo tangu mwanzo, ulinganifu wa majibu una kikomo. Katika namna moja ya kuuhesabu, kikomo hicho ni 2. Nadharia ya kwanta inasema utavuka.

Njia ya Aspect kufika hapo ilipitia Afrika, na mimi naona hapo ndipo pa kukaa. Alizaliwa Agen mwaka 1947, akasomea Cachan na Orsay. Mwaka 1971, badala ya kwenda jeshini, alipelekwa Kamerun kufundisha, akakaa miaka mitatu. Alikuwa koperanti, kama wale walimu vijana wa Kizungu waliofundisha katika shule zetu enzi hizo.

Huko Kamerun, baada ya vipindi, Aspect alijisomea upya fizikia ya kwanta, maana hakuridhika na alivyofundishwa chuoni. Kitabu alichokishika ni kile cha Cohen-Tannoudji, Diu na Laloë, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1973, majuzuu mawili manene. Kinamfundisha mtu kuhesabu bila kumlazimisha aamini kwamba Bohr alimaliza kila kitu. Aliporudi Orsay mwaka 1974 na kupewa makala ya Bell, hakuwa na mkubwa wa kumwogopa kichwani.

Jaribio lilimchukua miaka. Yeye na wenzake Philippe Grangier, Gérard Roger na Jean Dalibard walichochea atomi za kalsiamu kwa leza mbili, zikatoa fotoni (chembe za mwanga) mbilimbili, kila moja ikaenda upande wake hadi kwenye kipimo kilicho mita 6 hivi kutoka katikati. Mwaka 1982 walipata 2.697, juu ya kile kikomo cha 2. Katika jaribio jingine la mwaka huo, njia ya fotoni ilibadilishwa kila nanosekunde 10, wakati mwanga unahitaji 40 kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Vipimo havikuwa na nafasi ya kupashana habari, na kikomo bado kilivukwa. Bahasha za Einstein hazikuwa na maandishi.

Aspect alitetea tasnifu yake ya udaktari mwaka 1983, akiwa na miaka 35. Baadaye alihamia kwenye kupoza atomi kwa leza, katika kundi la Claude Cohen-Tannoudji, yuleyule wa kitabu cha Kamerun, mzaliwa wa Constantine, Algeria, aliyepata Nobel mwaka 1997. Ya Aspect ilikuja Oktoba 2022, pamoja na Clauser na Anton Zeilinger. Bell alikuwa amefariki tangu 1990, na Nobel hawapewi marehemu.