Upambanuzi wa Kiuguzi

Upambanuzi wa kiuguzi ni uwezo wa muuguzi wa kuiona dalili, kuipa maana na kuamua la kufanya kwa mgonjwa aliye mbele yake. Dhana hii ni ya msingi katika mafunzo ya uuguzi, lakini kwa Kiswahili bado inaitwa kwa majina mengi, na baadhi yake yanapotosha.

Tuchukue mfano wa wodi ya wazazi. Mama amejifungua saa moja iliyopita. Presha ni 110/70, mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika, na mwenyewe anasema hajambo, ila kizunguzungu kidogo. Anayetazama presha peke yake ataandika kwenye faili kuwa hali ni nzuri. Mkunga mzoefu hutishwa na yale mapigo. Anajua kwamba mwili wa kijana mwenye afya hubana mishipa na kuharakisha moyo, hivyo presha huchelewa kushuka hata damu ikiwa inapotea. Anafunua shuka, anakagua pedi, anashika tumbo: mji wa mimba ni laini, haujakaza. Papo hapo anaanza kuusugua, anaagiza oksitosini, anaita daktari, na anahakikisha mama amekojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kukaza.

Mwaka 2006, Christine Tanner, msomi wa uuguzi wa Marekani, aliugawa upambanuzi huo katika hatua nne: kubaini, kufasiri, kutenda na kutafakari. Hiyo ya nne ndiyo humfanya mkunga ajiulize baada ya zamu kama angeweza kugundua mapema zaidi.

Sasa tupime majina ambayo dhana hii imepewa kwa Kiswahili. “Hukumu ya kitabibu” inanuka mahakama. “Uamuzi wa kliniki” una tatizo jingine: kwa watu wetu, kwenda kliniki ni mjamzito kupimwa au mtoto kupelekwa mizani na chanjo. “Uamuzi wa kitabibu” unaeleweka, lakini unampa tabibu kazi yote, na “uamuzi” wenyewe unataja mwisho wa safari tu. Katika mfano wetu, oksitosini iliamuliwa baada ya mapigo kutiliwa shaka na tumbo kushikwa. “Utambuzi” nao umekwisha kuzoeleka kwa kuutaja ugonjwa wenyewe.

Kupambanua ni kutenganisha vitu vinavyofanana hadi tofauti ionekane: uchovu wa kawaida wa uzazi na dalili ya kutokwa damu. Kitenzi hicho kinabeba kuona na kufasiri, kisha kinaelekeza kwenye tendo. “Uamuzi” ubaki kuwa jina la hatua iliyochukuliwa.

Kwa hiyo waandishi wa vitabu na mitaala ya uuguzi watumie “upambanuzi wa kiuguzi”. Na wauguzi, mnapokabidhiana zamu, msiishie kusomeana namba. Semeni pia mmezipambanuaje.