Kilio cha Recho kilivyomezwa na uvumi

Jumamosi ya Novemba 2, 2024, Mkolani, jijini Mwanza, iliamka na msiba wa mtu ambaye wakazi wake wengi hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Grace Mapunda alikuwa amefariki alfajiri katika Hospitali ya Mwananyamala, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa. Kwenye saluni za kando ya Barabara ya Kenyatta, ukielekea Buhongwa, jina la Grace halikusikika sana. Aliyelilwa ni Tesa, mhusika wake katika tamthilia ya Huba, na alizungumzwa kama shangazi aliyeondoka bila kuaga.

Haikupita muda likatajwa jina la pili, la Recho. Ndivyo inavyokuwa kila nyota wa kike wa filamu anapofariki nchini. Na mwaka huo ilikuwa imetimia miaka 10 tangu mwigizaji Recho Haule afariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili, Mei 27, 2014.

Kuwalilia waigizaji hakukuanza na Bongo Movie. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu watazamaji wa sinema Tanzania nimekiegemea kwa sehemu hii, anaeleza jinsi filamu za Kihindi zilivyowateka watu wa Unguja na Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Awara, filamu ya mwaka 1951 ya Raj Kapoor na Nargis, iliwafanya watu wasiojua Kihindi waimbe nyimbo zake. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, akina mama wakijaa ukumbini na mabuibui yao na kutoka huko macho mekundu. Fair anashikilia jambo moja ambalo nami nalikubali: wanawake hao hawakwenda kuangalia Uhindi. Walikwenda kujadili ndoa za kulazimishwa, wakwe wakorofi na mapenzi yaliyokataliwa, yaani mambo ya nyumbani kwao, kupitia uso wa mwanamke mwingine. Uso huo ukiondoka, wanaobaki huona wamepungukiwa na mtu aliyekuwa akiwasemea.

Nargis mwenyewe alifariki Mei 3, 1981, siku chache tu kabla filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay Dutt, Rocky, haijaanza kuonyeshwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, na haikuipata hadi mwaka 1994. Kwa hiyo nyota aliweza kufa Bombay na akaendelea kupendwa hapa kama aliye hai, kila kanda yake ilipofungwa upya kwenye mashine.

Divya Bharti alikuja wakati mwingine. Alipoanguka kutoka dirishani Bombay Aprili 5, 1993, akiwa na miaka 19, deki za video zilikwishaenea na habari ilitembea. Pamoja na habari, yakatembea maswali. Alisukumwa? Aliteleza? Alijirusha? Wapo wapenzi wa filamu za Kihindi, watu wazima sasa, ambao ukiwagusia leo watakubishia kwa saa nzima.

Mwanza mjini kulikuwa na majumba ya sinema, na jina la Liberty bado ni la mtaa. Lakini Mkolani ilikuwa pembezoni. Huku filamu zilipata watu wake kwa njia ya mabanda ya video: televisheni moja, deki, mabenchi ya mbao, na jenereta kwa siku ambazo umeme ulikatika katikati ya pigano. Kisha wakaja watafsiri, mtindo ambao Uganda, ng'ambo ya ziwa, umewapa watu maarufu wanaoitwa vijei. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu. Mtafsiri hodari hakutafsiri tu. Alimpa mwigizaji wa Hong Kong ukoo, alimkaripia mchumba mwongo, alimtetea mama mkwe. Baada ya miaka kadhaa ya malezi hayo, mtazamaji wa Kitanzania alikuwa tayari kabisa kumpokea mwigizaji anayezungumza Kiswahili bila kutafsiriwa.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Kundi la maigizo la Kaole lilitamba kwenye televisheni ya ITV. Mwaka 2003 George Tyson, mwongozaji mzaliwa wa Kenya, akatoa Girlfriend. Soko la filamu za kanda, halafu diski, likalipuka. Steven Kanumba akawa jina kubwa kuliko yote.

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012. Kwa watu wa huku alikuwa mtoto wa nyumbani, mzaliwa wa Shinyanga, na barabara ya kwenda kwao inakatiza hapahapa Mkolani. Aprili 10 alipoagwa viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, umati ulikuwa mkubwa mno. Watu walizimia na utaratibu wa kuaga ukavurugika. Taifa lilikuwa limezoea kuona umati wa namna hiyo kwa viongozi. Sasa lilijua kwamba msanii naye anaweza kuusimamisha mji, na kuanzia hapo kila msiba wa msanii ulipimwa kwa ule.

Ndipo ukaja mwaka 2014.

Mei 17 akafariki Adam Kuambiana, mwigizaji na mwongozaji. Wasanii walikuwa hawajavua nguo nyeusi, Mei 27 akafuata Recho. Mei 30 George Tyson akafariki kwa ajali ya gari Gairo, mkoani Morogoro. Juni 7 akaondoka Mzee Small, Said Ngamba, mchekeshaji aliyeanza kuchekesha kabla baadhi ya hao hawajazaliwa. Watu wanne ndani ya siku 21. Kati ya kifo cha Kuambiana na cha Recho ikapita Mei 21, siku ambayo Mwanza huwakumbuka waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996. Huu ni mji ambao hauhitaji kufundishwa msiba wa hadhara. Makaburi ya wahanga hao pale Igoma yanatosha. Hata hivyo Mei ile ilikuwa na kitu kipya. Msiba ulikuwa unafika kwa Facebook na WhatsApp, na kila aliyeupokea aliuongezea neno lake.

Neno lililoongezwa zaidi lilikuwa Freemason.

Uvumi huo ulikuwapo tangu Kanumba. Magazeti ya udaku, yale yaliyokuwa yakitoka mara moja au mbili kwa wiki yakiwa na picha nyekundu na vichwa vya habari vyenye alama tatu za kuuliza, yaliupalilia kwa bidii. Ilisemekana wasanii wanaingia kwenye chama cha siri, wanapewa magari, halafu wanadaiwa roho. Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyekuwa kiongozi wa Freemason Afrika Mashariki, alijitokeza kwenye vyombo vya habari kueleza kwamba chama chake hakigawi utajiri wala hakichukui mtu. Alipoteza muda wake. Kadiri alivyoeleza ndivyo matangazo yalivyozidi kubandikwa kwenye nguzo za umeme, mjini hadi vijijini, yakiwa na namba ya simu na ahadi ya utajiri kwa atakayejiunga. Matapeli walikula. Mtu aliyeshindwa kumlilia nyota wake kwa kukosa nauli ya Dar es Salaam aliweza kutapeliwa kwa jina la kile kinachodaiwa kumuua.

Vifo vinne vya mfululizo vilipotokea, hoja ikawa imepata ushahidi wake, au ndivyo ilivyodhaniwa. Upande mmoja ukasema Bongo Movie inatoa kafara. Upande wa pili, wa makanisani na misikitini, ukasema ni adhabu kwa filamu zisizo na maadili. Upande wa tatu ukasema ni mipango ya Mungu na watu wanyamaze. Ukazuka na ugomvi mdogo pembeni, kuhusu wasanii waliofika misibani na miwani ya jua, sare za kushonesha na wapiga picha, wakaambiwa wamekuja kuuza sura. Huo, kwa maoni yangu, ndio ulikuwa ugomvi wenye maana kuliko yote, na ndio uliokwisha upesi.

Katika kelele hizo zote, jambo moja halikupata nafasi. Recho hakufa kifo cha ajabu. Alifariki kutokana na uzazi, na mtoto wake naye hakuishi. Kuambiana aliugua, Tyson alipata ajali, Mzee Small alikuwa mtu mzima aliyesumbuliwa na maradhi kwa muda mrefu. Kila kifo kilikuwa na sababu yake ambayo Mtanzania yeyote anaifahamu kwa jirani yake. Cha Recho kilikuwa kinafahamika kuliko vyote. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010 ulikuwa umekadiria vifo 454 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015 na 2016, uliofanyika baada ya Recho kuzikwa Kinondoni, ukakadiria 556.

Hebu tufikirie. Mwanamke anayejulikana nchi nzima anafariki kwa uzazi, katika hospitali kubwa kuliko zote nchini. Wanaomlilia zaidi ni wanawake wa rika lake, wengine wajawazito siku hiyohiyo. Ungetarajia msiba huo ungefungua mazungumzo ya dalili za hatari, ya kuwahi kliniki, ya damu kwenye benki za damu, kutoka Muhimbili hadi hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Badala yake wanawake hao walipewa habari za nyoka, pete na mikataba ya damu. Waandishi wa habari, mimi nikiwa wa kundi hilo, hatukuwatendea haki. Gazeti la uvumi liliuzwa, na gazeti la wodi ya wazazi halikuandikwa.

Miaka iliyofuata inakwenda haraka. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamhukumu mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu Lulu, kifungo cha miaka miwili kwa kumuua Kanumba bila kukusudia, na mashabiki wakagawanyika upya. Februari 24, 2018 Sridevi, nyota wa filamu za Kihindi, akafariki Dubai, wazee wa mabanda ya video wakapata kilio chao. Agosti mwaka huohuo mchekeshaji Mzee Majuto akazikwa Tanga. Diski zikafa, mabanda mengi yakageuka ya mpira wa Ulaya, na tamthilia za ving'amuzi zikachukua nafasi ya filamu. Uzazi nao umekuwa salama zaidi: utafiti wa 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio makubwa, na yamepatikana bila msaada wa wale tuliokuwa tukihesabu Freemason.

Tesa alipofariki, kelele zilikuwa chache, na hilo ni jema. Lakini yule aliyetaka kumkumbuka Recho kwa kazi yake alikwama. Jaribu kuingia madukani Mwanza utafute filamu zake. Utaambiwa uangalie mtandaoni, na mtandaoni utakuta vipande, vingine vimekatwa na kubandikwa jina jipya. Filamu za kati ya 2003 na 2014 zilitolewa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na ndivyo zilivyotupwa. Misri inaweza kumwonyesha mjukuu filamu za Faten Hamama, aliyefariki mwaka 2015, tangu akiwa mtoto. Sisi tunamwonyesha mjukuu picha ya jeneza Leaders.

Hakuna kisingizio cha kisheria cha kuzipoteza filamu hizo. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, filamu hupitishwa na Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Maana yake kuna wakati nakala ya kazi nyingi hizo ilikuwa mezani mwa serikali. Bodi iseme ni ngapi inazo, ziko katika hali gani, na mwananchi anazionaje. Wasambazaji walionunua haki za filamu hizo nao wafungue stoo zao. Na wewe msomaji wa Mkolani, Buhongwa au Nyegezi, kama bado una boksi la diski za zamani chini ya kitanda, usiliuze kwa wanunuzi wa plastiki. Andika jina la filamu, la waigizaji na mwaka kwenye kila moja, uziweke pakavu.