Liemba: meli ya vita iliyorudisha watu wetu nyumbani

Wenzangu, ninyi mlio bado kwenye oditwari na sisi tuliomaliza,

Huku kwetu Mboko ukitaja chombo cha vita cha zamani, kijana anafikiria mabaki ya kamioni kando ya barabara. Watoto wanapanda juu yake, siku moja mnunuzi wa vyuma anapita, anakata, anabeba, basi imeisha. Wengi hawajui kama ziwa letu hili lina meli ya vita ya mwaka 1915 ambayo ilizamishwa, ikatolewa chini ya maji, ikatengenezwa, na ikabeba watu kwa miaka karibu 90. Ni Liemba.

Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer. Halafu ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam na kupanda reli kuelekea Kigoma. Mafundi watatu walitoka nayo Papenburg, mkubwa wao Anton Rüter. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa Wajerumani. Ina urefu wa mita 71 hivi. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia delta ya Rufiji.

Upande wetu wa ziwa haukuwa unatazama tu. Agosti 1914 Wajerumani walishambulia Lukuga, pale Kalemie ya leo, wakaharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Mwaka uliofuata Waingereza wakaleta boti mbili za moteri, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Ng'ombe, ndugu zangu! Vitabu vinamkumbuka sana kamanda wao, Spicer-Simson. Watu weusi waliokata miti na kutengeneza njia wanatajwa kwa neno moja tu, wapagazi, na hapo inaisha.

Julai 1916 jeshi la Wabelgiji lilikuwa linakaribia Kigoma. Wajerumani wakaamua kuizamisha Götzen ili isikamatwe. Lakini angalia vile Rüter na wenzake walivyofanya. Hawakuilipua. Walipaka injini grisi nzito kila mahali, wakapakia mchanga ndani, wakaizamisha polepole tarehe 26 Julai karibu na mlango wa mto Malagarasi, kwenye kina cha mita 20 hivi. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Mimi ni mtu wa agronomia, si mekanisie, lakini hiyo naielewa kabisa. Mama anayekimbia vita hachomi mbegu yake ya maharagwe. Anaichanganya na majivu, anaifunika vizuri kwenye mtungi, anaifukia. Anataka kuikuta.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza nao wakaitoa tarehe 16 Machi 1924. Walipofungua, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, baada ya karibu miaka 8 ya maji na tope. Grisi ilifanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza maisha mapya, ikaitwa Liemba, jina la kale la ziwa. Miaka ya 1970 mvuke ukaondolewa ikawekwa dizeli, na mwaka 1993 ikatengenezwa tena kwa msaada wa Denmark.

Sasa tufike kwetu. Mwishoni mwa 1996 vita vya AFDL vilipofika Uvira na Fizi, watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti kwenda Kigoma, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu. Mwaka 1997 HCR ikaichukua Liemba kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira. Wanahesabu zaidi ya watu 75,000. Kutoka Uvira ilikuwa kupita Makobola na kushuka hadi kwetu. Ndiyo maana mama wa umri fulani hapa Mboko akisema "tulirudi na Liemba", haongelei historia ya Wajerumani. Anaongelea godoro, watoto na sufuria. Mei 2015 meli hiyo hiyo ilikuwa Kagunga inabeba Warundi, wakati Warundi wengine walikuwa wanavuka kuja huku, mpaka kambi ya Lusenda ikafunguliwa jirani yetu.

Miaka hii ya karibuni imesimama Kigoma, na Tanzania imeingia kwenye kazi ya kuikarabati upya. Wapo wanaosema chombo cha umri huu kiwekwe makumbusho, kwamba injini si zile tena na hivyo meli si ile. Mimi sikubali. Bodi ni ileile ya Papenburg, na imebaki hai kwa sababu kila kizazi kilibadilisha kilichochoka na kuirudisha kazini. Ingeegeshwa mwaka 1927 ili itazamwe, ni nani angewaleta wale watu Uvira mwaka 1997?

Na hitaji halijaisha. Kwenda Kalemie au Kigoma, mtu wa Mboko bado anapanda boti ya mbao iliyojaa magunia, usiku, wengi bila jile ya kuokoa, akiomba upepo usiamke kabla ya asubuhi.