Sinema ya Majestic, Unguja

Jengo la maonyesho ya filamu lililoko Vuga, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Asili yake ni jumba la Royal la miaka ya 1920, lililosanifiwa na Mwingereza J. H. Sinclair, ambaye ndiye aliyesanifu pia jumba la makumbusho la Beit el Amani. Jumba hilo likateketea kwa moto, na mahali pake, mwaka 1955, pakasimama jengo la sasa, la mtindo wa Art Deco, geni kabisa mbele ya milango ya nakshi iliyolizunguka, wala si baya kwa ugeni huo. Hapo watu wa kila kabila walikuja kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haikulinusuru paa la Majestic, ambalo limeporomoka. Na ugumu wa kuhifadhi majumba ya namna hii ndio huu: ukumbi wa sinema, ghairi ya nyumba ya kuishi, hauna nguzo wala kuta za katikati, hivyo paa likishaondoka, kuta zake ndefu hubaki bila egemeo, zikinywa mvua ya masika.