Stenti Isiyotanuka Vizuri

Tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege za Marekani wakatua Simi-Simi, magharibi mwa mji wa Kisangani, ambao bado ulikuwa ukiitwa Stanleyville. Dunia nzima iliisoma habari hiyo. Miezi kumi kabla, tarehe 16 Januari, habari nyingine ilikuwa imepita bila kelele: huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alipenyeza katheta, yaani mrija mwembamba, katika mshipa wa paja wa bibi wa miaka 82, ambaye mguu wake ulikuwa ukioza na alikataa katakata usikatwe. Mshipa ulizibuka, mguu ukapona. Naona hilo la pili ndilo limegusa watu wengi zaidi.

Mwaka 1977, Andreas Grüntzig alitumia puto dogo kuzibua mshipa wa moyo mjini Zürich. Puto likitolewa, mishipa mingine ilijifunga tena. Ndipo mwaka 1986 Jacques Puel, Toulouse, na Ulrich Sigwart, Lausanne, wakaacha ndani ya mshipa wavu wa chuma wa kuushikilia: stenti.

Hapo balaa likaanza. Ripoti ya 1991 kuhusu wagonjwa 105 ilionyesha kwamba stenti ziliziba kwa karibu robo yao. Madaktari walikilaumu chuma, kwani damu ikikutana na kitu kigeni huganda. Wakawapa wagonjwa dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini, aspirini na heparini, kwa pamoja, wengine wakavuja damu vibaya.

Antonio Colombo wa Milano alitazama kwingine. Alipitisha ndani ya mshipa kifaa cha mawimbi ya sauti, akakuta stenti nyingi zilizoonekana nzuri kwenye picha ya eksirei hazijatanuka sawasawa, na nyaya zake nyingine zilikuwa zikielea bila kugusa ukuta. Aliyewahi kusimama kwenye maporomoko ya Wagenia, hapo hapo Kisangani, ameona takataka zinavyokusanyika nyuma ya mlingoti uliosimikwa majini, pale maji yanapozubaa. Nyuma ya waya unaoelea damu nayo huzubaa, chembe sahani za damu hushikana, na bonge la damu huanza. Colombo akajaza puto kwa nguvu zaidi, kiasi cha atmosfia 15. Katika matokeo aliyochapisha 1995, walioganda damu walikuwa chini ya 2 kwa kila 100, bila warfarini.

Katika mishipa myembamba hakuna nafasi ya kusamehe kosa. Mrija ukipungua kipenyo kutoka milimita 3 hadi 1.5, kwa shinikizo lilelile, kinachopita hushuka hadi sehemu moja ya 16. Lakini puto likizidishwa, ukuta huchanika, na jeraha hilo nalo huita bonge. Stenti zenye dawa, zilizoenea baada ya 2002, zilipunguza makovu yanayobana mshipa upya. Ila dawa hiyohiyo huchelewesha utando wa mshipa kuzifunika nyaya, hivyo hatari hudumu kwa miezi.

Leo stenti huwekwa Mulago, Kampala, na katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Baada ya shambulio la moyo, aspirini na mwenzake, kama klopidogreli, kwa kawaida humezwa pamoja kwa miezi 12. Ndugu msomaji, ukirudi Kisangani na stenti kifuani, beba vidonge vya kutosha, na usiache hata kimoja kabla ya kumuuliza daktari wa moyo.