TULIKOTOKA: KUTOKA KLABU ZA CHEREHANI HADI MKOPO WA BIASHARA

Mwenyekiti ameshatoa ripoti yake, na mweka hazina ameonyesha hesabu ya miaka kumi. Mimi niliombwa na kamati niandike habari za zamani, maana baadhi ya wanachama wetu wa juzijuzi hudhani ati mambo ya vyama yalianza na pesa za simu mwaka wa 2007. La hasha! Mama zetu na nyanya zetu walikutana na kuchanga muda mrefu kabla ya hapo, tena bila simu wala kitabu cha benki.

Habari zenyewe ni nyingi, lakini nimeshika jambo moja. Vikundi vya akina mama wa Kenya vimesifiwa kwa kazi ya kujitolea tangu zamani. Hakuna mkutano wa hadhara ambao hatukupigiwa makofi. Lakini mama huyo huyo aliyejenga shule na kupanda miti, alipotaka mtaji wa kuuza mboga au kununua cherehani, mlango ulifungwa. Kusifiwa ni kitu kimoja, na kupewa haki ni kitu kingine. Tukielewa mambo hayo yalitokeaje, tutajua la kufanya katika miaka kumi ijayo.

KLABU ZA KWANZA

Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka wa 1952, wakati wa serikali ya wakoloni, chini ya idara ya maendeleo ya jamii. Wake wa wazungu walikuwa mstari wa mbele katika uongozi. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau.

Katika klabu hizo akina mama walifundishwa usafi wa nyumba, mapishi, kushona, kufuma na kulea watoto. Kulikuwa na faida, tusikatae. Nyanya wengi walishika sindano ya cherehani kwa mara ya kwanza huko. Lakini serikali ilikuwa na haja yake pia. Kuanzia mwaka wa 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, na klabu zilitumiwa kuwavuta akina mama upande wa serikali. Watoto waligawiwa maziwa kupitia klabu hizo, na aliyekaa nje ya klabu alijua anachokosa. Basi tangu mwanzo klabu ilikuwa na sura mbili: ilisaidia, na pia ilitumiwa.

Mwaka wa 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake nchini. Hapo klabu zikaanza kuwa mali ya wenyewe.

HATI ILIANDIKWA JINA LA NANI?

Sasa hapa naomba tusome polepole, maana ndipo penye kiini cha habari yote.

Mwaka wa 1954, akina mama wakiwa wanajifunza kushona, serikali ilitoa mpango mwingine uliojulikana kwa jina la afisa wa kilimo aliyeuandika, Swynnerton. Mpango huo ulisema vipande vya mashamba vilivyotawanyika viunganishwe, vipimwe, kila shamba litolewe hati, na Waafrika waruhusiwe zaidi kulima kahawa na mazao mengine ya kuuza. Ulikuwa mpango mkubwa, nao ulileta pesa vijijini.

Lakini hati iliandikwa jina la nani? Kwa kawaida iliandikwa jina la mwenye boma, yaani mzee. Kwa desturi ya zamani mama alikuwa na sehemu yake ya kulima, na hakuna aliyeweza kumwondoa hivi hivi. Karatasi haikuitaja sehemu hiyo. Mama aliendelea kulima kama jana, asijue kwamba kitu kimebadilika. Hakuna aliyemfukuza. Ila siku atakapokwenda benki, ataulizwa ile karatasi, nayo haina jina lake. Nyanya zetu walipewa uzi na sindano wakati huo huo ambapo dhamana ya mkopo iliandikwa jina la mtu mwingine.

MABATI

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963 pamoja na mwito wa Harambee. Shule za Harambee, zahanati na mifereji ya maji vilijengwa kwa mikono ya wananchi, na wengi waliobeba mawe, mchanga na maji ya kujengea walikuwa akina mama. Kazi hiyo haikulipwa, na katika hesabu za serikali haikuandikwa popote.

Lakini katika miaka hiyo ya 1960, huko Nyeri na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati, akina mama walianza jambo ambalo hawakuagizwa na mtu. Walikusanyika wakaenda kulima mashamba ya watu kwa malipo, kupalilia na kuchuma. Pesa hizo hawakugawana. Walinunua mabati wakaezeka nyumba ya mwanachama mmoja, halafu ya pili, halafu ya tatu, mpaka wote wakapata. Vikundi hivyo vikajulikana kwa jina la vikundi vya mabati.

Kwa nini mabati na si kitu kingine? Kwa sababu paa la nyasi lilikuwa mzigo wa mama. Nyasi hukatwa, hubebwa, na baada ya misimu michache huvuja tena. Pamoja na hayo, paa la bati hukusanya maji ya mvua. Ukiweka pipa au tangi chini yake, safari za mtoni zinapungua, na saa zilizookolewa ni saa za kulima au kuuza. Wenye mabati wakaendelea na matangi, na wengine wakanunua ng'ombe wa maziwa.

Wanachama wenzangu, huu mzunguko wetu wa kila mwezi ndio huo huo wa mabati. Leo tunazungusha pesa taslimu, wao walizungusha paa. Na angalieni jambo hili: kikundi cha mabati kilifanya kazi ya jamii na kazi ya mfuko kwa pamoja. Hakikutenganisha.

MITI SABA

Baraza la Kitaifa la Wanawake lilianzishwa mwaka wa 1964. Ndani ya baraza hilo, Profesa Wangari Maathai alitoa wazo la kupanda miti, kwa kuwa akina mama wa mashambani walikuwa wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji yanakauka na chakula kimepungua. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Wataalamu wengine wa misitu walisema mama asiyesoma hawezi kuotesha miche. Akina mama wakaotesha kwa ujuzi wa shamba, kama wanavyootesha maharagwe. Tena walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopandwa ukashika. Kiasi kilikuwa kidogo, naam, lakini kilikuwa na maana: kazi ya mama ilihesabiwa, mche kwa mche. Profesa Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imefika kama milioni 30.

BENKI ILIPOULIZA DHAMANA

Mwaka wa 1975 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na mkutano mkubwa ulifanyika Mexico City. Hapo ndipo suala la mwanamke na benki lilipozungumzwa wazi mbele ya dunia. Hapa kwetu, kundi la wanawake wenye taaluma zao walianzisha Kenya Women Finance Trust mwaka wa 1981, ili mama wa biashara ndogo apate mkopo. Miaka minne baadaye, Julai 1985, mkutano wa dunia wa wanawake ukafanyika Nairobi.

Kikwazo kilikuwa kile kile cha mwaka wa 1954. Benki ilitaka hati, na hati ilikuwa kwa mzee. Basi mama alikwenda na mume wake kuombewa sahihi, kama mtoto anayepelekwa shule. Na aliyefiwa je? Na ambaye hakuolewa?

Jibu lilipatikana kwa njia ambayo akina mama wa mabati wangeielewa mara moja, yaani dhamana ya kikundi. Wanachama wanadhaminiana, mmoja akishindwa kulipa, wenzake wanalipa. Mahali pa karatasi pakachukuliwa na jina jema. Lakini tuseme ukweli wote: dhamana hiyo ni nzito. Tajiri mwenye hati akishindwa, anapoteza shamba. Maskini asiye na hati akishindwa, anapoteza marafiki. Ndiyo maana kikundi hakipaswi kumdhamini mtu kwa haya ya uso.

JUA KALI NA MAMA MBOGA

Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti juu ya Kenya. Walisema wale mafundi na wachuuzi wadogo, ambao wakubwa waliwaona kama uchafu wa mji, wanatoa kazi na riziki kwa watu wengi, na serikali iache kuwasumbua. Maneno hayo yalichukua miaka ishirini kufika kwenye karatasi ya serikali: waraka wa Bunge nambari 2 wa mwaka 1992 uliohusu biashara ndogo na jua kali.

Katikati ya miaka hiyo ishirini mambo hayakuwa mazuri. Mei 1990 vibanda na nyumba za Muoroto, Nairobi, vilibomolewa, watu wakabaki na bidhaa zao barabarani. Mama mboga alijifunza kuuza huku anatazama kona, akiona askari wa kanjo anafunga kitambaa chake na kukimbia. Mtaji wa mwezi mzima ulikuwa unaweza kuisha dakika moja. Mkopo gani utamsaidia mtu kama huyo, ikiwa mahali pa kuuzia hana?

Hapa tunapata somo: akiba bila sauti haitoshi. Unaweza kuweka shilingi zako kwa miaka kumi, zikachukuliwa asubuhi moja na sheria ndogo ambayo hukuulizwa ilipotungwa.

SIASA ILIPOINGIA

Mtauliza, mbona shirika kubwa kama Maendeleo ya Wanawake halikupiga kelele? Mwaka wa 1987 shirika hilo liliunganishwa na KANU, chama kilichokuwa peke yake wakati huo. Mtoto wa chama hamkemei baba. Wanachama walikuwa wengi, lakini sauti ikawa ya kushangilia tu. Vyama vingi viliporuhusiwa Desemba 1991, shirika lilianza kujitenga tena na siasa za chama. Simlaumu mama wa kijijini aliyeimba akicheza uwanjani. Ninasema tu kwamba kikundi kikishamilikiwa na mtu mwingine, hakiwezi kumtetea mwanachama wake.

SHERIA ZILIZOPATIKANA

Pole pole, mambo yakabadilika, na hayakubadilika yenyewe. Yaliombwa, yakaandikiwa barua, yakapigiwa kura.

Mwaka wa 2007 serikali ilianzisha Hazina ya Wanawake ya Biashara, inayokopesha vikundi bila riba ila ada ya usimamizi. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe. Mwaka wa 2012 ilikuja sheria ya biashara ndogo na ndogo kabisa, na sheria ya ardhi ya mwaka huo huo inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Mwaka wa 2013 ukatolewa mpango wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na mwaka wa 2022 Bunge lilipitisha sheria ya usajili wa vikundi vya jamii, kwa hiyo kikundi kama chetu kinatambuliwa kisheria.

Tazameni basi: tangu hati za 1954 hadi Katiba ya 2010 ni miaka 56. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka ule wa hati alikuwa nyanya siku Katiba ilipopitishwa.

KWETU SISI

Haya yote tunayasoma kwa faida gani? Mimi naona mambo matatu, nayaweka mbele ya mkutano mkuu tuyajadili.

La kwanza, tusiache kazi ya kujitolea. Kusafisha soko, kulipia mtoto karo, kukaa na aliyefiwa, hayo si mapambo ya kikundi. Ndiyo yanayotufanya tujuane kiasi cha kudhaminiana. Lakini tuandike kitabu cha kazi hiyo kama tunavyoandika kitabu cha fedha: saa ngapi, watu wangapi, kazi gani. Tukienda mbele ya kaunti kuomba choo cha soko au kivuli cha wauzaji, tuende na kitabu mkononi, tusiende na hadithi.

La pili, tumteue mwanachama mmoja, tena asiyeogopa kusimama, kazi yake iwe kufuatilia leseni, ada na mikutano ya bajeti ya kaunti. Sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Tusipokwenda, wataulizwa wengine, na ada itapangwa bila sisi.

La tatu, kila mwanachama aulize nyumbani kwake kwa upole: hati yetu iko wapi, na ina jina la nani? Si kwa ugomvi. Wazee wengi wenyewe hawajafikiria. Lakini swali hilo halikuulizwa mwaka wa 1954, na mmeona lilivyotugharimu.

Waliotutangulia walizungusha mabati mpaka kila mmoja akapata paa. Hawakusema nyumba yangu imeezekwa, sasa kwaherini. Basi aliyekwisha kupata zamu yake katika kikundi chetu asikose mkutano ujao, maana zamu ya mwenzake bado.