Ulinzi wa Lukuga (1914–1916)

Ulinzi wa Lukuga ni mapambano ya Ziwa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yaliyozuia Wajerumani kuvuka hadi ng'ambo ya Kongo, koloni la Ubelgiji. Lukuga ndiyo Kalemie ya leo. Ubelgiji, nchi ndogo, ilikuwa karibu yote mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Ziwani nako ilielemewa, kwani tarehe 22 Agosti 1914 meli yake Alexandre Delcommune ilishambuliwa na kuharibiwa.

Msaada ulitoka Uingereza: boti mbili, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Cape Town zilisafiri kwa reli hadi Fungurume, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Wanakijiji walikata miti, wakafyeka njia na kujenga madaraja. Bila jasho lao boti zisingeliona ziwa, na majina yao yalistahili kuandikwa kando ya jina la kamanda wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson.

Tarehe 26 Desemba 1915, msimu wa mvua, meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa. Ikatengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliifukuza meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, hadi ikazama.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma. Iliopolewa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.